Asali Isiyo na Moshi

Jumatatu, 26 Januari

Wifi yangu Swafia amenitangazia mbele ya wateja kwamba nimeanza kusahau. Kosa langu ni kumhadithia kisa kimoja mara mbili, kana kwamba visa vyake yeye havijatuchosha tangu harusi yangu. Basi nimenunua daftari hapo Ndia Kuu. Siku akinishika tena nitamfungulia ukurasa.

La kuandika leo ni dogo: asali haijafika. Debe limebaki na ule ukoko mweusi wa chini, na nikilifungua nanusa moshi zaidi kuliko asali. Huu ni mwezi wa Shaabani. Enzi za marehemu mama yangu, Bimdogo, siku kama hizi ndizo Mzee Dishon, mrina asali, alizokuwa akishuka basini Mwembe Tayari na madebe yake kutoka kwao, mbele ya Mwingi, na mkokoteni ukimfuata mpaka mlangoni petu. Mama hakuyaingiza ndani kwanza. Alifungua debe moja pale pale kizingitini, na ile harufu ya moshi wa kuni za bara ikatoka ikashika uchochoro mzima. Madirisha yakafunguliwa. Sisi watoto tukajipanga, kila mmoja akatiwa tone kiganjani, tukalamba mpaka tukaona tena mistari ya mkono. Siku hiyo sikutaka kunawa hata kwa chakula, na mama aliniachia.

Mtaa ule haupo tena. Wengi wamehamia Nyali na Bamburi, nyumba zao zimekuwa za wageni na maduka ya vinyago. Lakini duka letu lipo, na ubani wake, udi, habasoda na iliki. Wale waliohama hurudi kila karibu na Ramadhani kwa sababu ya asali tu. Wakifika husimama mlangoni wakavuta pumzi kabla ya kutoa salamu.

Jumatano, 28 Januari

Joto. Asali bado. Swafia ameuliza mara tatu kama asali imekuja, kisha ni mimi ninayesahau.

Jumamosi, 31 Januari

Asali imefika, lakini aliyeileta si Dishon.

Niliona mwanamke wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, amesimama kando ya ndoo nyeupe za plastiki zenye vifuniko vyeupe. Nilidhani auza rangi za nyumba.

"Hodi, mama. Mimi ni Mutanu, mtoto wa Dishon."

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Babako yuwapi? Ni mzima?"

"Ni mzima, lakini miguu imekataa. Mwaka jana alianguka kutoka kwa mti akirina asali. Siku hizi anakaa nje tu, anatazama mizinga yake huko juu. Ndugu zangu wako Nairobi. Hakuna wa kupanda."

Nilimuuliza mbona hakupanda yeye, maana mikono yake naiona ina nguvu. Akacheka, akaziba mdomo.

"Kwetu mwanamke hapandi mti wa mzinga, mama. Hata kukaa chini yake tulikatazwa tukishakuwa wakubwa."

"Basi hino asali katoa nani?"

"Sisi wanawake. Tuko na mizinga ya masanduku sasa. Inakaa kwa miguu yake, hapa kwa kiuno, hakuna kupanda. Unavaa ovaroli na kofia ya wavu, unapuliza moshi kidogo tu wa kuwatuliza, halafu masega unayatia kwa mashine, unazungusha na mkono. Asali inaruka nje, nyuki wanarudishiwa nyumba yao. Hakuna kuchoma mtu."

Nyuki kwake ni mtu. Nikampenda kwa hilo.

Kisha nikafungua ndoo. Ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, safi, naiona mpaka chini. Nikainusa. Nikainusa tena. Nikachovya njiti ya kiberiti kama alivyonifunza mama, nikaiwasha, ikawaka vizuri. Asali ni asali, hilo sina shaka nalo. Nikaonja, na ulimi wangu ukangoja kile kinachokuja nyuma ya utamu, kile kikavu cha koo, kisije. Nilihisi kama mtu aliyebisha hodi kwao akafunguliwa na mpangaji.

Mutanu alikuwa akinitazama uso. Akaniambia taratibu kwamba wanaume wa kwao wamewapa msimu mmoja. Baba yake ndiye aliyelisema mbele ya wenzake: asali ya wanawake ikikosa soko Mombasa, masanduku yatafanywa viota vya kuku.

"Na yeye ndiye alinifundisha nyuki wanaongea nini," akasema. "Nilikuwa mdogo, nikimshikia kamba."

Akatazama ukutani. Pale juu ya rafu pameangikwa kifuniko cha mbao cha mzinga wa gogo, kimechomwa alama ya ukoo wao, duara na mistari mitatu. Dishon alimpa mama mwaka wa kwanza wa biashara yao, nami sijawahi kukiondoa isipokuwa kukifuta vumbi.

"Hiyo ni alama ya baba," akasema. "Sanduku zetu hazina. Wanawake hatupewi."

Nimemwambia aziache ndoo, tutaona. Hakunisukuma, lakini alizipanga mwenyewe pembeni, moja moja.

Jumanne, 3 Februari

Swafia ameonja kijiko, kisha akaonja cha pili ili apate la kusema. "Hino ni ile ya supamaketi," asema. "Tamu, lakini haina kwao." Nilimjibu kwamba hata yeye ni mtamu na kwao hatukujui vizuri. Akakasirika, akachukua iliki zake akaenda.

Lakini alilosema ndilo wanalosema wote. Waonja, watazamana, wauliza ile nyingine iko wapi.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya swala ya Ijumaa amekuja Maalim Abdulghafur na chupa aliyonunua juzi. Huyu alinisomesha juzuu yangu ya kwanza, na alikuwa mteja wa mama kabla sijazaliwa. Watu wa mtaani, Maalim akikubali asali wamekubali, akikataa basi.

"Ummukulthum," akasema, "mimi mato yangu hayaoni tena, lakini ulimi wangu wamjua Bimdogo. Hino sukari."

"Maalim, nimeiwasha kwa kiberiti. Ni asali tupu."

"Basi ni asali ya nyuki wasiojulikana."

Akaiweka chupa juu ya meza, polepole, kwa adabu zake zote. Hakutaka kurudishiwa chochote. Hilo ndilo lililonichoma. Laiti angegomba.

Jumanne, 10 Februari

Mutanu amepiga simu. Aliuliza hali yangu, hali ya joto, hali ya duka. Asali hakuitaja. Nikamwambia inakwenda pole pole. Nilisikia wanawake wengine nyuma yake, wamekaa wanangoja jibu, na yeye akawafasiria kwa Kikamba. Sijui alisema nini, ila kicheko nilichosikia mwanzo sikukisikia tena.

Ndoo ziko pale pale alipozipanga.

Alhamisi, 12 Februari

Leo nimefanya jambo, nami naona nina akili.

Nilikuwa nafukiza mtungi wa maji, maana Ramadhani inabisha hodi na mimi siwezi kufuturu kwa maji yasiyofukizwa. Nilitia ubani kwenye chetezo, nikaupindua mtungi juu yake ukanywa moshi, kama alivyokuwa akifanya mama. Basi nikawa nimekaa pale nawaza: maji twafukiza. Nguo zafukizwa. Bibi harusi afukizwa mpaka nywele. Asali imekosa nini?

Ubani haukufaa, ungeipa harufu ya maulidi. Nikatazama ukutani. Nikakishusha kile kifuniko cha Dishon, nikachukua kisu, nikaparura vipande vyembamba upande wa nyuma, kule kusikoonekana. Nikavitia juu ya makaa. Ya Rabi, ule moshi ulipopanda! Nilimuona mama. Namaanisha nilimuona, na kanga yake ya kisutu, na mkono wake wa kushoto ukinizuia nisiguse debe. Nikapindua chupa moja moja juu ya chetezo mpaka zikajaa moshi, nikamimina asali ya Mutanu ndani moto moto, nikaziba kwa magunzi ya mahindi kama zamani.

Nimeonja. Ile ya kooni imekuja. Nililia, sisemi uongo.

Na hili si uongo. Ni kufukiza tu.

Jumamosi, 14 Februari

Maalim Abdulghafur amesimama mlangoni, amevuta pumzi, kisha ndio akatoa salamu. Nilimpa kijiko. Alifumba macho.

"Wapi ulikuwa umeificha?"

Nikamwambia imefika. Sikuongeza neno. Akaondoka na chupa mbili chini ya kanzu, na ilipofika alasiri uchochoro ulijaa. Waliohamia Nyali wamekuja na magari, wakayaacha karibu na Ngome ya Yesu wakatembea. Mmoja alimleta bintiye, akamwambia, "Nusa, hii ndiyo Mombasa." Mtoto akapiga chafya.

Ndoo ya kwanza imekwisha.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani. Alhamdulillahi. Saumu na joto. Ndoo ya mwisho imefika nusu. Nimempigia Mutanu alete nyingine, na safari hii wale wanawake nyuma yake walipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Jumapili, 22 Februari

Nilimpigia Mzee Dishon mwenyewe leo, kumjulia hali ya miguu. Sauti yake imepungua lakini ubishi uko pale pale.

"Binti Bimdogo! Naambiwa ile maji ya wanawake inauzwa."

"Yauzwa mpaka nashindwa, Mzee. Watu waisifu. Wasema ina moshi wake, kama ile yako."

"Wanasema ina moshi?"

"Wasema hii ndiyo ya Bimdogo."

"Nilijua," akasema. "Nilijua Mombasa haiwezi kubadilika." Nikamsikia akimwita mtu amsogezee kiti. Nikafurahi kwamba nimemfurahisha mzee wa watu.

Jumanne, 3 Machi

Mtu kutoka Mwembe Tayari ameleta ndoo mpya za Mutanu. Nimefukiza tangu asubuhi. Kifuniko kimeanza kuwa chembamba, na leo kisu kimepita karibu na alama. Nikakirudisha ukutani, uso mbele.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika haya baada ya kufuturu. Naandika upesi, hivyo Swafia akija kuyasoma asicheke mwandiko.

Mutanu alifika alasiri bila kunipigia. Hakuwa na ndoo. Nilimkaribisha juu. Alikataa hata maji, kwa kuwa mimi nimefunga. Nilimwambia anywe, hakunywa. Tukapika pamoja, yeye akikanda unga wa kaimati, mimi nikikoroga uji. Kulipoadhiniwa, nilimwekea kaimati na kibakuli cha asali, nikijiona mwenyeji kwelikweli.

Alichovya. Akala. Akaacha kutafuna.

"Hii ni asali ya nani, mama?"

"Yenu, mwanangu."

"Hapana. Hii ni ya baba."

Nikacheka, nikamwambia ni yao wenyewe, ila nimeifukiza kidogo, watu wa hapa ndivyo wanavyoipenda. Nikamweleza habari za mtungi wa maji na bibi harusi. Niliposema bibi harusi sauti yangu mwenyewe ilinichekesha vibaya.

Aliinuka akateremka dukani. Nikamfuata. Alikishusha kifuniko ukutani, akakigeuza upande niliouparura. Alipitisha kidole pale.

"Wewe ukinusa huu moshi unaona nini?" akaniuliza.

"Namuona mama yangu."

"Mimi naona nyuki wakianguka. Mwanaume yuko juu na mwenge, nyuki wanaungua mabawa, wananiangukia kwa nywele. Asubuhi mama na mimi tunakaa na masega kwa mapaja tunatoa maiti na majana, vile vitoto vya nyuki, moja moja, tunachuja kwa leso, tunachuja tena. Halafu wanaume wanauza. Sisi tunabaki na ile leso tunawapa watoto wanyonye." Alisema yote bila kupaza sauti. "Nimejifunza miaka miwili kuutoa huo moshi, mama. Umeurudisha."

Nilitaka kusema kwamba nimeurudisha lakini asali imeuzwa, wanawake wamepiga vigelegele. Sikuwahi. Aliniambia kilichomleta.

Dishon amewaita wanaume. Amewaambia binti Bimdogo mwenyewe amesema kwa kinywa chake kwamba Mombasa yataka asali ya moshi, na kwamba iliyouzwa imesifiwa kwa moshi. Wameona hoja imekwisha. Vijana wawili watarudi kutoka Nairobi kupanda miti, mizinga ya magogo itatiwa nyuki, na masanduku, kwa kuwa ni mbao nzuri, yatapelekwa kwa kuku msimu huu ukiisha. Wenzake Mutanu walimuuliza: ni nini ulichouza kule? Naye alijua ndani ya ndoo zake moshi haukuwamo.

"Wamesema nilichanganya na ya wanaume ili iuzike. Wenzangu, mama. Wale tuliovaa ovaroli moja kwa zamu."

Nilimwomba radhi. Akaitikia, maana ana adabu, lakini hakula tena. Amekwenda kulala kwa jamaa yake Mwembe Tayari. Kibakuli chake nimekiacha pale pale alipokiweka.

Jumapili, 8 Machi

Sikufungua duka.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda kwa Maalim Abdulghafur baada ya alasiri, na visahani viwili nimevifunika kwa kitambaa. Nilijua amefunga, hawezi kuonja. Nilimwambia anuse.

"Hino ya Bimdogo," akasema kwa cha kwanza. Cha pili akakisogeza mbali.

"Maalim, zote mbili zimetoka ndoo moja. Hino ya kwanza nimeifukiza kwa chetezo. Nimekuuzia wewe na mtaa mzima, na sikusema."

Sikumtazama. Nilitazama miguu yangu kama siku nilizokuwa sikuhifadhi sura yangu.

"Umeghushi, Ummukulthum. Na katika mwezi huu."

"Nimeghushi."

"Nenda kawaambie walionunua, mmoja mmoja. Atakayetaka arudishiwe."

"Nimeshaanza, Maalim. Wewe ndiye wa kwanza."

Akavuta pumzi juu ya kile kisahani cha kwanza tena, akatabasamu peke yake. "Nami nina langu. Ulipokuja ule ugonjwa miaka ile, nikapoteza harufu na ladha, hazikurudi zote. Kitu ninachonusa vizuri ni moshi. Nilikuwa naja dukani kwako kuhakikisha bado niko hai." Akanirudishia visahani. "Bimdogo hakuwa moshi, mwanangu. Mamako alikuwa mtu mkali asiyepunja mizani. Hilo ndilo watu walikuwa wakilinunua."

Nilirudi nyumbani nikilia njiani mpaka mwuza kahawa akaniuliza nani kafa.

Jumatano, 11 Machi

Nimezunguka. Wengine wamekasirika, na wana haki. Wengine wamesema nirudie kufukiza, wao hawajali. Swafia amesema alijua tangu mwanzo. Hakujua kitu.

Nikampigia Dishon. Nilimwambia yote, moja kwa moja: moshi ulikuwa wangu, wa kifuniko chake, si wa nyuki wala wa wanawake. Alinikatiza mara mbili. Mara ya tatu mimi ndiye niliyemkatiza, jambo ambalo mama angenipigia kofi.

"Mzee, nakuomba kitu kimoja nijibu. Ile asali ya Mutanu, umewahi kuionja?"

Nilisikia kuku wao. Nikasikia mtu akitwanga mbali.

"Sijaionja," akasema.

"Miaka miwili?"

"Mwanaume anaonjaje asali ya sanduku?" Lakini hakulisema kwa nguvu. Akakata simu.

Jumanne, 17 Machi

Nauza ile ya ndoo nyeupe, bila kufukiza. Anayeuliza namwambia. Zimetoka chupa chache. Mutanu hapokei simu yangu.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Wajukuu, halua, kelele. Nilitia kijiko cha asali ya Mutanu kwenye maziwa ya mtoto mkubwa wa Nasiha, binti yangu. Akaniuliza, "Bibi, hii ina maua?" Nikamwambia sijui. Nikaonja tena. Sijui kwa nini sijawahi kuuliza.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza asubuhi, nzito, na uchochoro ukawa mfereji.

Nilikuwa nasukuma maji kwa ufagio mlangoni nilipoona ndoo nyeupe, kisha Mutanu amelowa, na nyuma yake, na fimbo, na koti la suti, na kofia iliyonyeshewa, Mzee Dishon. Alikuwa amesafiri na miguu ile kutoka Mwingi. Alikuwa amekuwa mdogo. Mimi pia labda nimekuwa mdogo, kwa sababu alinitazama akatafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Binti Bimdogo."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuonja. Nyumbani kuna watu wengi wa kunitazama."

Tulimkalisha kwenye kiti cha mama. Mutanu alifungua ndoo yake mwenyewe, mimi sikugusa. Akachota kijiko, akampa baba yake kwa mikono miwili, kisha akasimama nyuma ya mlango, asimuone.

Dishon aliishika asali mdomoni muda mrefu. Nilitaka kusema neno nikajizuia, na mimi kujizuia si kazi ndogo. Akachukua kijiko cha pili mwenyewe.

"Hii ni ya migunga," akasema. "Ile ya mtoni, kule chini, inayotoa maua kabla ya mingine." Akaonja tena. "Na mkwaju kidogo. Ule wa shamba la mamako, Mutanu."

"Ndiyo, baba. Sanduku ziko hapo katikati."

"Mimi nimerina miaka yote hiyo nikijua nyuki wanakula nini kwa kuwatazama." Alisema polepole, kama anajiambia. "Sikuwahi kuionja miti. Moshi ulikuwa unanifunika."

Hakulia. Alifuta mdomo. Kisha akataka kuona kile kifuniko. Nikakishusha nikamkabidhi, nikingoja anigombeze kwa yale maparuzo. Alikigeuza, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nina msumari mrefu.

Nilikuwa nao. Akaniambia niwashe makaa.

Basi nikawasha chetezo, kile kile. Msumari ulipoiva ukawa mwekundu, alilazimika kushikwa mkono kwa sababu mkono wake watetemeka, na aliyemshika ni Mutanu. Wakainamia kifuniko cha ndoo nyeupe, vichwa vyao karibu, wakachoma duara. Kisha mstari. Kisha mstari. Plastiki ikatoa moshi mweusi wa kuchukiza, tukakohoa sote. Swafia alitoka kwake akipiga kelele kwamba duka lawaka moto.

Mstari wa tatu Dishon aliachia mkono, akamwachia Mutanu auchore peke yake. Haukunyooka sana.

"Sasa ndoo zina mwenyewe," mzee akasema. "Nikirudi nitawaambia kuku walale chini."

Mutanu alicheka, akaziba mdomo, kisha akauondoa mkono akacheka wazi. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi akanyoosha mkono akachukua kaimati iliyokuwa mezani, baridi, ya jana, akaichovya kwenye ndoo yake akala.

Wamekwenda kupumzika. Nimefungua madirisha yote, mvua yaingia, na bado duka lanuka plastiki iliyoungua. Mama angenifukuza. Nimeketi kwenye kiti chake natafuta ile harufu yake kwenye kona ya madebe, wala siioni tena. Nimehuzunika, nakubali. Kisha amekuja mtoto wa jirani na chupa yake, akasimama mlangoni, akaziba pua, akaniuliza kama asali ipo.

Nimemtia tone kiganjani kwanza.